Diski Mbili, Nyumba Mbili

Laptopu nyingi zinazotumika Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, zilianza maisha zikiwa mali ya ofisi fulani Uingereza au kwingine Ulaya. Ofisi ilipobadilisha vifaa, zikakusanywa, zikapakiwa kwenye makontena, na leo zinauzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue kwa jina la ex-UK. HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad ndizo zimetawala. Ni mashine ngumu, kibodi zake ni nzuri na spea hazisumbui kupatikana. Lakini nyingi huja na SSD ya gigabaiti 128 au 256 na skrini ya inchi 12 hadi 14. Mwenye kuitegemea laptopu hiyo kwa riziki, muda si muda nafasi imejaa na macho yanauma.

Hesabu yenyewe haina siri. Kijana anayerekodi mahojiano ya mtaani, akitamani siku moja asikike Ruben FM, redio ya jamii iliyo pale Ruben Centre, hula takriban megabaiti 635 kwa kila saa ya sauti ya stirio isiyobanwa. Akiibana iwe MP3 ya kilobiti 128, inashuka hadi megabaiti 58 hivi. Huyo bado ana nafuu. Mwenzake anayepiga video za harusi na mazishi kwa simu hufikia megabaiti 130 kwa dakika, na harusi ya saa tano ikiisha, karibu gigabaiti 40 zimeenda. Ukitoa nafasi inayoliwa na Windows yenyewe, harusi mbili zinatosha kuijaza laptopu ya gigabaiti 128.

Hapo ndipo mtu huanza kutamani vitu viwili kwa pamoja: diski ya nje na skrini kubwa. Pesa nazo huwa za kimoja. Msimamo wangu ni kwamba diski itangulie. Na akiwa anaichagua, swali la kwanza aulize diski hiyo itakufa vipi. Swali la ukubwa lina jibu rahisi, kwa sababu limeandikwa kwenye boksi. La kifo halijaandikwa popote, na Reuben ni mahali ambapo vifaa hufa kwa njia ambazo watengenezaji hawakuzipigia hesabu.

Fikiria chumba chenyewe. Mabati juu, mabati ubavuni, futi kumi kwa kumi, na ndani yake kitanda, jiko, mitungi ya maji, viatu vya watoto na meza moja ambayo asubuhi ni ya chai, mchana ya kazi na jioni ya homuweki. Stima aghalabu ni ya sambaza, waya unaopita kutoka nyumba hadi nyumba, ambao nguvu yake hupanda na kushuka kulingana na nani amewasha koili. Hata aliye na mita na tokeni zake mwenyewe hana uhakika: tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizimika, na Desemba 10 mwaka huohuo ikazimika tena. Mchana wa Januari na Februari mabati huchemka. Kwa hiyo diski ya hapa ina maadui wanne wa kila siku: kuanguka, joto, vumbi na stima isiyotabirika. Maji, moto na mwizi ni maadui wa siku moja, nitawafikia.

Hadi diski (hard disk) ya kawaida, ile inayozunguka, ina sahani ndani zinazokwenda mizunguko 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani hizo kwa umbali wa nanomita chache. Ikianguka imezimwa, pengine itapona. Ikianguka huku inafanya kazi, hata kutoka kwenye meza fupi, kichwa hugusa sahani na kuikwaruza. Habari njema ni kwamba diski ya namna hii mara nyingi hutoa dalili kabla ya kufa: inakuwa nzito kufungua mafaili, inatoa mlio wa kugonga-gonga, kompyuta inaiona halafu haiioni. Ukisikia mlio huo, nakili kilicho muhimu mara moja, ukianza na kile ambacho hakiwezi kurekodiwa upya.

SSD haina kinachozunguka. Ukiiangusha unaiokota na kuendelea na kazi, na kwa chumba chenye watoto hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuinunua. Lakini kifo chake ni cha ghafla. Leo inafanya kazi, kesho kompyuta haioni chochote, na fundi hana mlio wa kusikiliza. Tena ina tabia ambayo wauzaji hawaisemi: data ndani yake ni chaji ya umeme iliyofungiwa kwenye seli ndogo mno, na chaji hiyo huvuja polepole kifaa kikikaa bila stima. Kiwango cha JEDEC, chombo kinachoweka kanuni za tasnia hii, kinataka SSD ya mtumiaji wa kawaida iliyochakaa mpaka mwisho wa umri wake iweze kushika data mwaka mmoja ikiwa imezimwa, kwenye joto la nyuzi 30. Mpya hushika zaidi ya hapo. Joto likizidi, muda hupungua, na chini ya mabati nyuzi 30 si kitu.

Tabia hizo mbili ndizo zinazonifanya nisiwaunge mkono wanaosema SSD ni bora na basi. Diski ya kazi, ile inayotoka na kurudi kwenye begi kila siku, iwe SSD ndogo ya nje, hata ya gigabaiti 500. Nakala ya pili, ile ya kulala, iwe hadi diski ya inchi 2.5 ya terabaiti moja au mbili. Haitembei, kwa hiyo haianguki. Haichomekwi ila mara moja kwa wiki au kwa mwezi. Na kwa kuwa aina hizi mbili hufa kwa sababu tofauti, si rahisi zife pamoja.

Nimesema inchi 2.5 kwa makusudi. Zipo hadi diski kubwa za inchi 3.5 zinazouzwa kwa bei ya kuvutia ukilinganisha na nafasi zake, lakini zinahitaji volti 12 kutoka kwa chaja yao yenyewe ukutani. Stima ikikatika katikati ya kunakili, laptopu inabaki hai kwa betri na diski inazimika ikiwa inaandika. Faili lililokuwa njiani linaharibika, na wakati mwingine orodha nzima ya mafaili inavurugika. Diski ya inchi 2.5 hunywa umeme kupitia tundu la USB, yaani kutoka kwenye betri ya laptopu, na haina habari kwamba mtaa umezimika. Kwa Reuben, ile kubwa hata ukipewa bure, fikiria mara mbili.

Tundu nalo litazamwe. USB 3.0, ambalo mara nyingi lina kiplastiki cha buluu ndani au alama ya SS pembeni, hutoa umeme hadi miliampia 900, wakati USB 2.0 huishia 500. Diski ikichomekwa kwenye tundu la zamani inaweza kushindwa kuamka vizuri, na mwenyewe akadhani imekufa. Tofauti ya kasi nayo ni kubwa. Gigabaiti 200 kupitia USB 2.0 zitakula saa moja na nusu. Hadi diski ileile kwenye USB 3.0 itamaliza kwa nusu saa hivi, na SSD nzuri kwa dakika nane au kumi. Betri ya laptopu ya ex-UK ikiwa imebakiza saa moja, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama nakala itakamilika.

Sasa kuna flashi. Nairobi imelelewa na flashi: watu hupeleka kwenye duka la muvi wakajaziwa filamu na series, zile zinazosimuliwa na DJ Afro zikiwemo, wakaenda kuchomeka kwenye tivii. Kwa kazi hiyo inafaa kabisa. Shida huanza pale flashi inapogeuzwa kuwa ghala. Na tatizo kubwa kupita yote ni flashi na visanduku vya SSD bandia vinavyotembezwa vikiwa vimeandikwa terabaiti mbili, wakati bei yake haitoshi kununua hata robo ya nafasi hiyo.

Ujanja wenyewe unafanyika hivi. Ndani kuna chipu ya kumbukumbu ya gigabaiti 32, au 64, na kando yake chipu ndogo ya kuisimamia. Hiyo ndogo imepangwa upya iiambie kompyuta kwamba nafasi ni terabaiti mbili. Windows huamini inachoambiwa. Unanakili harusi ya kwanza, inafunguka. Unanakili ya pili, ya tatu. Majina ya mafaili yanaonekana yote, ukubwa wake sawasawa, kwa sababu orodha ya majina hukaa mwanzoni mwa diski, sehemu ambayo ipo kweli. Lakini nafasi halisi ilipoisha, video zilianza kuandikwa juu ya nyingine, au kumwagwa hewani. Utajua siku bibi harusi anadai kazi yake.

Dawa ipo na haina gharama. Kuna programu ya bure iitwayo H2testw, iliyotokana na jarida la Ujerumani c't, na nyingine iitwayo F3 kwa wanaotumia Linux. Fundi anayejali jina lake hukubali kuitumia mbele ya mteja. Huichomeka flashi ikiwa tupu, hufungua programu na kubonyeza kuandika. Programu hujaza flashi kwa data yake yenyewe hadi pomoni, halafu huisoma tena kutoka mwanzo na kulinganisha. Inachukua muda; flashi kubwa inaweza kula mchana mzima. Mteja akilalamika, jibu la fundi ni moja: "Bosi, bora ungoje leo kuliko kulia kesho." Mwishoni hutokea ama ujumbe wa kijani kwamba kila kitu kimesomeka, ama mwekundu unaotaja ni gigabaiti ngapi zilizopotea. Muuzaji anayekataa kipimo hiki kabla hujalipa amekwisha kukujibu.

Kwa asiye na pesa za diski mpya, njia ya heshima ni kununua diski iliyotolewa kwenye laptopu ya zamani na kuitia kwenye kasha lenye waya wa USB. Ni kazi ya dakika tano: kasha linafunguliwa kwa kusukuma, diski inasogezwa mpaka meno yake yaume tundu la SATA, kifuniko kinarudi. Nazipenda diski hizi kwa sababu jina lililoandikwa juu yake ni la kweli, na historia yake inasomeka. Programu ya CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imewahi kuwashwa. Mwaka mmoja bila kuzimwa ni saa 8,760, hivyo diski yenye saa 20,000 imekesha zaidi ya miaka miwili. Hiyo bado inaweza kufaa kwa nakala ya kulala. Kisichovumilika ni mstari wa sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa ukionyesha chochote juu ya sifuri. Sekta zikianza kuoza huwa haziishii hapo, irudishe. Kampuni ya kuhifadhi data ya Backblaze ya Marekani, ambayo tangu 2013 imekuwa ikichapisha takwimu za maelfu kwa maelfu ya diski zake, huripoti kwamba kati ya asilimia 1 na 2 hufa kila mwaka, na hizo zinakaa kwenye vyumba vyenye ubaridi na stima safi. Yako ina Januari ya mabati.

Kuhusu namna ya kuifomati, sitakaa sana. FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, kwa hiyo video ndefu itakataa. NTFS ni ya Windows. Kompyuta ya Mac huisoma bila kuandika. exFAT hukubalika na pande zote mbili, ila tivii nyingine za zamani haziisomi. Kwa diski ya kazi inayozunguka kwa wateja, exFAT, na usiitoe kabla ya kubonyeza amri ya kuitoa salama, maana exFAT haisamehe kuchomolewa ghafla.

Sasa niwageukie wale maadui wa siku moja. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipoujaza Mto Ngong, maji yaliingia ndani ya nyumba za Mukuru usiku watu wakiwa wamelala. Baadaye serikali ikaagiza waliojenga ndani ya mita 30 kutoka kingo waondoke, na mabuldoza yakafuata. Kabla ya hapo, Oktoba na Novemba 2021, majirani wa Mukuru kwa Njenga walikuwa wamebomolewa ili kupisha barabara. Moto nao hauna msimu: nyumba za mabati zimebanana, na stima ya sambaza ikipiga shoti, mstari mzima unaweza kwenda. Katika usiku wa namna hiyo mtu huokoa watoto, kitambulisho na godoro. Hakuna anayekumbuka diski, wala hapaswi kuikumbuka.

Ndiyo maana nakala ya pili isilale kwenye nyumba ya kwanza. Mwaka 1998, kampuni ya filamu ya Pixar huko California ilikuwa ikitengeneza Toy Story 2 pale mtu alipotoa amri ya kimakosa iliyoanza kufuta mafaili ya filamu hiyo. Walipokimbilia nakala rasmi, wakakuta hazikuwa zikiandikwa ipasavyo. Kilichowaokoa ni kompyuta ya Galyn Susman, mmoja wa wakuu wa ufundi, aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua, na nakala ya filamu ilikuwa huko. Studio yenye mitambo ya mamilioni iliokolewa na nyumba ya pili.

Mkaazi wa Reuben ana nyumba ya pili pia, akiitafuta. Ni kwa dada aliyepanga ghorofani mtaa wa Pipeline, ni kwa mwalimu anayeaminika, ni kwenye kabati la chama au la kanisa. Muhimu isiwe kwenye plot moja wala kando ya mto uleule. Mfanye mpango wa kubadilishana: yako ikae kwake, yake ikae kwako, na mkutane mara moja kwa mwezi kuziongeza. Na kwa kuwa diski inayokaa kwa mtu mwingine inabeba vitambulisho, vyeti na picha za familia za wateja wako, ifunge kwa nywila kwa VeraCrypt, programu ya bure. Nywila iandikwe karatasini na iwekwe mbali na diski, kwa maana ukiisahau hakuna fundi atakayeifungua.

Mtandaoni nako kuna nafasi, na Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo. Vyeti, CV, risiti na maandishi yaende huko leo hii. Harusi haitaenda, bando litaisha kabla ya keki kukatwa.

Na diski ikiwahi kulowa, usiichomeke ili kujaribu. Flashi au SSD inaweza kupona ikifunguliwa kwenye kasha lake na kukauka kabisa kwa siku kadhaa kivulini. Hadi diski nyingi zina tundu dogo la kupumulia ambalo maji machafu hupitia mpaka kwenye sahani. Ikiwashwa hivyo, tope linakwaruza kila kilichobaki. Ikiwa imebeba kitu kisicho na nakala, ipelekwe kama ilivyo kwa wanaofanya kazi ya kuokoa data.

Baada ya diski mbili, skrini. Hapa hatari ni ndogo, kwa kuwa skrini ikifa haiondoki na kazi ya mtu. Cha kwanza ni kujua laptopu yako ina tundu gani. EliteBook 840 G1, kwa mfano, ina VGA na DisplayPort, wala haina HDMI. ThinkPad T440 ina VGA na Mini DisplayPort. Latitude E6440 ina VGA na HDMI. Adapta nazo zina upande: ile ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI ni rahisi na hufanya kazi, lakini ukiigeuza haipitishi picha. Ya kutoka HDMI kwenda VGA lazima iwe na chipu ndani ya kubadilisha picha, na waya mtupu unaouzwa bila chipu ni pesa iliyotupwa. VGA haibebi sauti. Na tundu la USB-C lisikudanganye kwa umbo lake. Mengine hupitisha data na chaji tu, picha hayapitishi.

Watu wengi tayari wana tivii ya inchi 32 na huuliza kwa nini wasiitumie. Kwa kutazama, waitumie. Kwa kuandika na kuhariri, tazama kwanza idadi ya nukta: tivii nyingi za ukubwa huo zina 1366 kwa 768, sawa na laptopu yenyewe, kwa hiyo unapata herufi kubwa bila kupata nafasi zaidi ya kazi. Monita ya ofisi ya inchi 22 au 24 yenye 1920 kwa 1080 hukuonyesha nukta mara mbili ya hizo, na kurasa mbili zinakaa kando kwa kando. Kwenye futi kumi kwa kumi, ambako kiti kiko karibu na ukuta, inchi 22 zinatosha. Monita ya LED ya kiasi hicho hula wati 20 hadi 30; zile nene za zamani zenye taa za mrija hula zaidi, na kwa mwenye kununua tokeni kidogo kidogo hilo linahesabika. Iwe yoyote, ipite kwenye gadi ya tivii, ile inayokata stima ikipanda au kushuka na kungoja kabla ya kuirudisha.

Kuna chaguo moja ambalo halisifiwi vya kutosha: tivii ndogo ya sola ya volti 12. Nyingi zina tundu la HDMI, na mwenye betri ya sola nyumbani anaweza kuendelea kuhariri kwenye skrini ya pili mtaa ukiwa giza totoro. Picha yake si kali, rangi zake usiziamini kwa kazi ya uchapishaji, lakini kwa kukata na kupanga video inatosha.

Ukienda kununua monita ya mitumba, nenda na laptopu yako na waya wako. Iwashe, uweke picha nyeupe skrini nzima, kisha nyeusi, kisha nyekundu, na utazame pembe zote nne kwa nukta zilizokufa na madoa. Iache iwake robo saa huku ukiongea mambo mengine na muuzaji, kwa sababu taa ya nyuma iliyochoka huanza kucheza ikishapata moto. Bonyeza vitufe vyote vya menyu. Na uliza kama kitako chake kipo, maana monita nyingi za ex-UK hufika bila kitako, na kuitafutia kimoja kwa fundi wa jua kali ni gharama inayofaa kukatwa kwenye bei hapohapo dukani.